Baiskeli Nne na Tela la Kulala

Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Magomeni ambaye mwanawe anafanya kazi katika mji wa Coventry, nchini Uingereza. Kijana huyo, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wamejinunulia karavani ndogo, yaani lile tela la kulala lenye vitanda, jiko na meza ndani yake, ambalo huvutwa nyuma ya gari la kawaida. Likizo ya watoto inakaribia na safari imekwisha pangwa. Wanakwenda Padstow, kwenye pwani ya Cornwall, mwendo wa karibu kilomita 400, na watoto wameapa kwamba hawaendi bila baiskeli zao. Mama ametumiwa picha ya karavani hiyo, na ndani ya picha ameziona baiskeli nne zimening'inizwa ukutani mwa nyuma kabisa, mithili ya kuku waliofungwa miguu wakipelekwa sokoni. Mwanawe amemhakikishia kwamba jirani mmoja ndiye aliyemwelekeza hivyo. Mama hana gari wala hajapata kuendesha, lakini moyo wake umekataa kutulia, naye anauliza kama wajukuu wake wako salama.

Jibu letu ni kwamba mama amefanya vema kutotulia.

Ili jambo hili lieleweke, hapana haja ya kwenda Uingereza. Mtazame mpagazi wa mkokoteni pale Kariakoo. Mkokoteni una ekseli moja na magurudumu mawili, na mbele yake una mpini unaoshikwa na mwenyewe. Karavani ndogo nayo ina ekseli moja, magurudumu mawili, na shingo ya chuma inayoshikwa na gari. Mpagazi mjuzi hapakii ovyo. Akirundika magunia mengi mno mbele, mpini unamlemea na mgongo unapinda. Akiyarundika nyuma, mpini unainuka juu na yeye mwenyewe anaanza kuning'inia, miguu yake ikikanyaga ardhi kwa ncha za vidole, na kwenye mteremko mkokoteni humpeleka unakotaka wenyewe. Kwa sababu hiyo huweka mzigo mzito juu ya ekseli, kisha akaacha uzito kidogo uegemee mbele, kiasi cha kumfanya auhisi mpini mikononi bila ya kumchosha.

Gari linalovuta tela limo katika hali ile ile ya mpagazi. Nyuma yake kuna gololi kubwa ya chuma, ambayo huko Ulaya ina kipenyo cha milimita 50, na juu ya gololi hiyo ndipo kichwa cha shingo ya tela hukaa. Uzito unaoikandamiza gololi ndio tutakaouita hapa uzito wa shingo. Waingereza hushauri uzito huo uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Wamarekani, kwa matela yao, hutaka asilimia 10 hadi 15. Wote wawili wanakubaliana kwamba ukipungua mno, tela litapiga mkia; na kila gari nalo lina kikomo chake kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho kwa magari mengi ya familia ni kilo 75, na kwa mengine hufika kilo 100.

Sasa tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu ndiyo hakimu. Tuchukue mfano wa karavani yenye uzito wa kilo 1,000 ikiwa na mizigo yake, na uzito wa shingo wa kilo 60, yaani asilimia 6. Hiyo iko sawa kabisa. Tuseme baiskeli ya baba ina kilo 15, ya mama kilo 15, ya mtoto mkubwa 11 na ya mdogo 9. Jumla ni kilo 50. Ongeza keria ya kuzishikilia, kilo 8, tunapata 58. Tuseme tena kwamba kutoka gololi hadi ekseli ni mita 3, na kwamba baiskeli zikining'inizwa nyuma zinakaa mita 2.2 nyuma ya ekseli.

Kilo 58 zikizidishwa kwa 2.2, kisha zikagawanywa kwa 3, zinatoa kilo 42 na nusu. Huo ndio uzito ambao baiskeli zinauinua kutoka kwenye gololi, kama vile mtoto mnene anavyomwinua mwenzake kwenye pembea ya mbao. Zile kilo 60 za mwanzo zinabaki kilo 17 na nusu tu, na tela sasa lina kilo 1,058. Hiyo haifiki hata asilimia 2.

Wala ubaya haukomei hapo. Mkumbuke mchuuzi wa maji aliyebeba mzega, debe moja mbele na debe jingine nyuma, kila moja mwishoni mwa ule mti mrefu. Kuuzungusha mzega huo ni kazi, lakini ukishaanza kuzunguka, kuusimamisha ni kazi kubwa zaidi. Mtu aliyebeba madebe yale yale mawili yakiwa karibu na mwili wake hapati shida hiyo. Baiskeli zilizo mwisho kabisa wa karavani ni madebe ya mzega. Upepo wa ubavuni ukilipiga tela, au lori kubwa likipita kwa kasi na kulisukuma kwa hewa yake, mkia unakwenda upande mmoja, unarudi, unapita katikati, unakwenda upande wa pili zaidi ya mwanzo. Kwenye barabara kuu ya M5, ambayo ndiyo atakayoifuata kijana wetu kuelekea kusini-magharibi, liko daraja la Avonmouth, refu na lililoinuka juu sana, na hapo upepo hauzuiwi na kitu. Tela likishapiga mkia mara tatu au nne kwa mwendo mkubwa, laweza kulipindua gari pamoja na wote waliomo. Dereva atajiona ameshika usukani, kumbe usukani umekwisha hamia nyuma.

Basi, je, azipeleke baiskeli mbele, juu ya shingo ya tela? Keria za namna hiyo zipo, na watu wengi wanazipenda kwa kuwa zinafikika kwa urahisi na gari linazikinga upepo. Lakini rudi kwenye hesabu yetu. Tuseme keria imekaa sentimita 60 nyuma ya gololi. Katika zile kilo 58, sehemu nne kwa tano zitaiangukia gololi, yaani kilo 46 na zaidi. Ukizijumlisha na 60 za awali unapata 106, ilhali gari linaruhusiwa 75. Hapo mpagazi amelemewa mbele: nyuma ya gari inainama, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani na breki vinapungua nguvu, na taa za mbele zinawamulika macho wanaokuja badala ya kumulika barabara. Kwa baiskeli mbili za watoto keria ya shingoni yaweza kufaa, ikiwa mizigo mingine itapangwa upya. Kwa nne, kwa tela dogo namna hii, haifai.

Iko keria ya kufungwa nyuma ya gari lenyewe, kwa mikanda inayonasa kwenye mlango wa buti. Hiyo ni nzuri kwa gari lisilovuta kitu. Likivuta tela, baiskeli zinakaa katika ile nafasi finyu iliyo kati ya gari na karavani. Gari likikata kona kali, mpini au pedeli inagonga ukuta wa karavani, na breki ya mkono ya tela haifikiki. Huko Marekani wako wanaorefusha chuma cha kuvutia ili ipatikane nafasi ya baiskeli katikati. Watengenezaji kadhaa wa virefusho hivyo huagiza kwamba uwezo wa chuma uhesabiwe kuwa nusu tu ya ule wa awali, kwa sababu mzigo uliosogezwa mbali una nguvu zaidi ya kupinda. Mwenye gari dogo asijaribu.

Yanabaki mahali pawili, na kwa maoni ya safu hii ndipo penye jibu la mama.

Mahali pa kwanza ni juu ya gari. Baiskeli zilizo juu ya paa la gari haziugusi uzito wa shingo hata kidogo. Lakini paa nalo lina kikomo, aghalabu kati ya kilo 50 na 75, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Kijana asome kitabu cha gari lake, asisikilize la jirani. Ajue pia kwamba petroli itatumika zaidi, kwamba gari litauhisi upepo zaidi, na kwamba kimo chake kimebadilika. Maegesho mengi ya maduka makubwa yana mhimili wa chuma ulionyoshwa juu ya lango kuzuia magari marefu, na wako watu waliosahau kilicho juu ya paa wakaingia nao moja kwa moja. Kikaratasi chenye kimo cha gari kikibandikwa mbele ya dereva kitamkumbusha.

Mahali pa pili ni ndani ya karavani yenyewe, sakafuni, juu ya ekseli. Hapa ndipo mpagazi wa Kariakoo angeziweka bila kuulizwa. Gurudumu la mbele la kila baiskeli lifunguliwe, pedeli zigeuzwe, mnyororo ufungwe kwa kitambaa kikuukuu ili grisi isichafue matandiko, na blanketi nene litandikwe chini na katikati ya baiskeli moja na nyingine. Kisha zifungwe barabara, maana baiskeli isiyofungwa itasafiri yenyewe humo ndani kwenye kila kona. Wengine watalalamika kwamba ni usumbufu kutoa baiskeli kila mnapotaka kupumzika njiani ndipo muweze kuingia ndani kunywa chai. Ni kweli, ni usumbufu. Nasi twasema chai inyweshwe kwenye chupa.

Popote atakapozipakia, asisahau kikomo cha uzito wa karavani yenyewe. Tela dogo aghalabu limeachiwa nafasi ya kilo mia na kitu tu kwa mizigo yote ya familia: nguo, vyombo, maji, mtungi wa gesi, hema la mbele. Kilo 58 zikiingia humo, kitu kingine hakina budi kutoka. Baiskeli za umeme, ambazo siku hizi zimeenea sana huko, hufika kilo 20 hadi 25 kila moja. Mwenye nazo azitoe betri na kuzisafirisha ndani ya gari.

Ili tusimwonee jirani yule, tuseme pia kwamba ziko karavani ambazo watengenezaji wake wameziwekea wenyewe vishikilio vya baiskeli nyuma, ukuta ukaimarishwa kwa ndani na kikomo cha uzito kikaandikwa. Mwenye hiyo afuate kikomo hicho, na hata hivyo apime uzito wa shingo baada ya kupakia. Ukuta wa kawaida wa karavani ni mbao nyepesi na bati jembamba. Ukitoboa na kukaza boliti, huenda siku moja boliti ikang'oka na kipande cha ukuta.

Yafaa tuseme neno juu ya asili ya mambo haya, kwani baiskeli na karavani hazikukutana jana. Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, aliagiza atengenezewe gari la farasi la kusafiria kwa starehe, akalipa jina la Wanderer. Lilikuwa na uzito wa takriban tani mbili na lilivutwa na farasi wawili. Kwa kuwa barabara za wakati huo zilikuwa nyembamba, mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu kwamba nyumba inakuja. Na mwaka 1901 fundi cherehani Thomas Hiram Holding alishiriki kuanzisha chama cha watu waliosafiri kwa baiskeli na kulala mahemani. Chama hicho kipo hadi leo, kimekuwa chama kikubwa cha wenye mahema na makaravani. Kwa hiyo watoto wa Coventry wanaodai baiskeli zao wana hoja ya kihistoria, ingawa hawaijui.

Turudi barabarani. Sheria ya Uingereza inataka tela lioneshe namba ya gari linalolivuta, na namba hiyo pamoja na taa zote za nyuma zisizibwe na kitu chochote. Faini ya namba iliyozibwa yaweza kufika pauni 1,000. Picha aliyotumiwa mama, kwa jinsi alivyoieleza, inaonesha gurudumu la baiskeli mbele ya taa ya kushoto, kwa hiyo kijana angeweza kusimamishwa na polisi hata kabla upepo haujamwonya. Tela lenye uzito wa kupita kilo 750 lazima liwe na breki zake. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari huko anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, ikiwa gari lake linaruhusiwa. Lakini ruhusa ya serikali si ujuzi, na vyama vya karavani huwashauri wanaoanza wachague tela lisilozidi asilimia 85 ya uzito wa gari.

Mwendo wa mwisho kwa anayevuta tela ni maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80, kwenye barabara ya kawaida, na maili 60, karibu kilomita 97, kwenye barabara kuu. Kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi haruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa. Tela likianza kupiga mkia, mguu utoke kwenye mafuta polepole, usukani ushikwe imara na kunyoka, na gari liachwe lipungue lenyewe. Silika ya dereva humwambia akanyage breki kwa nguvu, au azungushe usukani kulifuata tela. Vyote viwili huzidisha balaa. Wapo wanaofundisha kwamba dawa ni kuongeza mwendo ili gari lilivute tela linyoke. Ushauri huo usifuatwe.

Baada ya kilomita chache za kwanza asimame mahali salama, akaze upya kila mkanda na kila nati. Kamba hulegea zikishatikiswa. Vikapu, pampu na viti vya watoto vitolewe kwenye baiskeli zilizo nje, na turubali la kuzifunika lisitumike barabarani, kwani hugeuka kuwa tanga.

Mama atamwuliza mwanawe, na kijana atajibu kwamba hana mashine ya kupimia uzito wa shingo. Mwambie, mama, kwamba mizani ya kujipimia watu inatosha, mradi kikomo chake hakizidiwi. Alipeleke tela, likiwa limepakiwa kila kitu, mahali tambarare, azuie magurudumu kwa vigingi, kisha asimamishe kipande cha mbao imara juu ya mizani, chenye urefu wa kukifanya kichwa cha shingo kikae kwenye kimo kile kile cha gololi ya gari. Aiachilie breki ya mkono, ainue kigurudumu kidogo cha mbele hadi uzito wote ukae juu ya mbao, asome. Ikiwa ni chini ya kilo 50 kwa karavani ya tani moja, kitu kizito kisogezwe mbele. Ikizidi kikomo cha gari, kirudishwe kuelekea ekseli.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo pengine litaimaliza hesabu yote. Njia ya baiskeli wanayoikusudia watoto, iitwayo Camel Trail, inafuata mto wenye jina hilo, wala haihusiani na ngamia. Inapita mahali palipokuwa na reli, ambayo treni zake za abiria zilikoma mwaka 1967, na kwa kuwa treni hazikupenda vilima, njia ni tambarare kutoka Padstow hadi Wadebridge na mtoto mdogo anaimudu. Katika miji yote miwili yako maduka yanayokodisha baiskeli kwa siku. Watoto wazichukue zao, kilo 20 kwa jumla, zilale sakafuni juu ya ekseli. Baba na mama waziache zao Coventry na wakodi huko huko.